Mgonjwa wenu karudishwa nyumbani: namna ya kumuuguza mtu asiyetarajiwa kupona

Mimi ni nesi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, mkoani Tanga. Wagonjwa wangu ni wale ambao ndugu zao wameambiwa hospitali, "Mrudisheni nyumbani." Wengi ni kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Wapo wazee ambao saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, wapo wa ini, wa figo, wa moyo, na wa UKIMWI waliochelewa kuanza dawa. Nawafuata kwa pikipiki, begi mgongoni, kuanzia Pongwe mpaka vijiji vya juu kuelekea Amani, na karibu kila nyumba nakuta maswali yaleyale. Haya ndiyo ninayowajibu tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

La kwanza linafanyika kabla hamjatoka wodini. Usikubali kuondoka na bahasha ya picha za eksirei peke yake. Mwombe daktari aandike kwa maneno yanayosomeka: ugonjwa ni upi, umefika wapi, dawa gani anywe na saa ngapi. Kisha uliza, "Hapa mna kitengo cha tiba shufaa? Na karibu na kwetu ni nani anayetoa mofini, ile dawa ya maumivu makali?" Swali hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo litakalowaamsha saa tisa usiku.

Watu wakisikia hospisi hufikiria nyumba ya kwenda kufia. Kwetu huku mara nyingi si hivyo. Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ya Daktari Anne Merriman pale Kampala mwaka 1993, kazi kubwa ilikuwa ni hii: mgonjwa alale kwake, wataalamu wamfuate au yeye aje kliniki mchana kisha arudi. Mombasa kuna Coast Hospice. Tanzania, ukiwa Dar es Salaam utaanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Arusha wapo Hospitali ya Selian, na Tanga huduma hii imekuwapo Muheza kwa miaka mingi. Kama mgonjwa wako anapigwa mionzi Ocean Road na nyumbani ni Handeni, omba barua ya rufaa kwenda kituo cha karibu na kwenu wakati bado yuko kwenye mionzi. Tiba shufaa haingoji matibabu mengine yaishe. Mgonjwa anayefika kwangu mapema napata nafasi ya kumjua. Anayeletwa akiwa hasemi, nabaki kukisia anataka nini.

Halafu pesa. Kabla hamjauza shamba au ng'ombe kwa ajili ya kumpeleka India, rudini kwa daktari mumwulize mambo matatu, na mwulize akiwa amekaa, si akiwa anapita koridoni. Matibabu hayo yanaponya au yanarefusha siku? Yakirefusha, atakuwa na hali gani katika hizo siku, atakaa nasi au atakaa kitandani ugenini? Na tusipokwenda, itakuwaje? Sisemi msiende. Nasema nimeingia nyumba nyingi ambamo shamba limeuzwa, mgonjwa amerudi vilevile, na hakuna hata pesa ya kununua nepi za wakubwa.

Amueni mapema pia atafia wapi. Kama mzee anataka kuzikwa Lushoto na yuko Tanga mjini kwa mwanawe, mpandisheni angali anaweza kukaa kwenye gari, mto mgongoni, madirisha wazi, dawa ya maumivu imetangulia. Kusafirisha maiti ni gharama nyingine kabisa, na mzee mwenyewe angependa kuiona milima.

Mofini

Hapa nitakaa sana, maana ndipo ugomvi ulipo. Nikitoa ile chupa, kuna shangazi atasema, "Hiyo si ndiyo dawa ya kumalizia?" Hapana. Mofini haimwui mgonjwa ikitolewa kwa kipimo sahihi, na mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu hageuki teja. Wapo wanaoinywa miezi mingi huku wanapika, wanaswali, wanagombana na wajukuu. Niliyemwanzishia dawa asubuhi na jioni akaomba chai, huyo hakuwa anakufa, alikuwa anaumwa.

Mofini ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji safi, ndiyo maana ni chungu. Mnywesheni juisi baadaye. Hunywewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi huwa maradufu ili msiamke saa 8 usiku. Kipimo nitakiandika mimi au daktari, nanyi mtapima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kijiko cha chai sikitaki, kila nyumba ina kijiko chake.

Msingoje maumivu yaanze ndipo mtoe. Maumivu ni kama maziwa jikoni, ukishayaona yamepanda umechelewa, na utahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Saa ikifika anywe, hata kama yuko sawa. Yuko sawa kwa sababu alikunywa ile iliyopita. Yakichomoza katikati, kwa mfano anapogeuzwa au anaposafishwa kidonda, kuna dozi ya nyongeza, kwa kawaida sawa na dozi moja ya mchana, si ile maradufu ya usiku. Iandikeni kwenye daftari, saa na kiasi. Nikija nikakuta nyongeza nyingi kwa siku, nitajua kipimo cha kawaida ni kidogo.

Kumuuliza anaumwa kiasi gani, tumieni mkono. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Wazee wetu hawapendi kulalamika. Ukimwuliza "Baba, hujambo?" atakujibu "Sijambo" huku jasho linamtoka. Mwambie akuonyeshe vidole.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na pengine atasikia kichefuchefu. Yote mawili hupungua. Kisichopungua ni choo kigumu, basi dawa ya kulainisha choo kama bisakodili ianze siku moja na mofini, isingoje afunge choo wiki nzima. Ikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa husaidia, kijiko kidogo na maji usiku. Nipigieni simu haraka kama anasinzia hata haamshiki, anapumua polepole sana, anashtukashtuka mwili, au amekosa mkojo, kwa sababu figo zikichoka dawa hujazana mwilini na kipimo lazima kishushwe. Na msiikatishe ghafla kwa sababu mtu wa maombi kasema ameshapona.

Kama ni Muislamu na anaona vibaya kunywa, usibishane naye. Mlete imamu aseme mbele yake. Sijapata kumwona imamu aliyekataa.

Mwili

Nitasema kwa haraka yale mnayoyajua na kwa kirefu yale ambayo huachwa.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: upande huu, mgongo, upande ule. Mto mmoja katikati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo, na chini yake mpira. Kila mnapomwogesha mtazame mkia wa mgongo, nyonga, visigino, masikio. Ngozi ikiwa imebadilika rangi na hairudi, asilalie tena hapo, wala msipasugue.

Kinywa husahaulika kabisa. Mtu anapakwa mafuta mwili mzima na ulimi wake umekauka umeota utando mweupe. Chumvi kiduchu ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa laini kimefungwa kidoleni, futeni ulimi na fizi mara kadhaa kwa siku, midomo muipake Vaseline. Utando ukizidi na akaona uchungu kumeza, hizo ni fangasi, zina dawa.

Kidonda cha saratani kinachonuka ndicho kinachovunja nyumba. Nimewakuta kina mama wamehamishiwa chumba cha nje, chakula kinasukumwa mlangoni, si kwa ubaya, ni kwa harufu. Harufu inatibika. Chemsheni maji, tieni chumvi, kijiko kidogo kwa nusu lita, yapoe, osheni kidonda kwa kumiminia. Kitambaa kikiwa kimeganda kilowesheni mpaka kiachie chenyewe. Kisha vidonge vya metronidazole, ile mnayoiita Flajili, visagwe viwe unga mnyunyize juu ya kidonda na mfunike. Ndani ya siku chache mtaona tofauti. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, unga unakwenda kwa namna nyingine, nitawaonyesha faragha, mimi na mwanamke mmoja wa nyumba. Vitambaa si lazima viwe vya dukani. Kanga kuukuu zilizochanwa, zikafuliwa, zikaanikwa jua kali na kupigwa pasi zinatosha. Vaeni glavu. Karai la mkaa chini ya kitanda, usiowashwa jamani, hupunguza harufu chumbani.

Akikosa pumzi, mkalisheni ameegemea mito, fungueni dirisha, mpepeeni usoni, na watu kumi waliomzunguka watoke nje.

Halafu chakula, ambacho kwetu ndiyo mapenzi yenyewe. Mke anapika uji wa lishe, dada anapika supu ya pweza, mama mkwe analeta maji ya dafu, na mgonjwa anafumba mdomo. Basi anashikwa kidevu. Acheni. Mwili unaozima hausikii njaa kama wetu, na tonge la nguvu huishia kwenye mapafu. Mpeni anachotaka, kiasi anachotaka, saa anayotaka, hata kama ni embe na chumvi. Siku za mwisho kabisa na dripu nayo mara nyingi humjaza maji miguuni na kifuani bila kumsaidia chochote. Ukitaka kumhudumia, mlowanishe midomo.

Kumwambia, na mambo yake

Kila wiki mtu ananivuta nyuma ya nyumba: "Nesi, yeye hajui, usimwambie." Kisha naingia ndani na mgonjwa ananiambia, "Nesi, hawa watoto wanadhani sijui." Kila upande unamlinda mwenzake, na hakuna anayeaga.

Msimtupie habari kama mzigo. Anzeni kwa kumwuliza: "Mama, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Halafu nyamazeni, muda mrefu kuliko mnavyozoea. Akisema, "Naona siponi," msimkatize kwa "Usiseme hivyo, Mungu ni mkubwa." Mungu ni mkubwa, naye anajua hilo kuliko ninyi. Mwulizeni, "Ni nini kinachokusumbua zaidi?" Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili tu, yana sehemu ya moyo, ya watu wake na ya Mungu wake. Nami nimeona mofini ikipandishwa na kupandishwa bila nafuu, hadi mtoto waliyekosana naye alipoitwa kutoka Zanzibar. Na kama hataki kujua, ni haki yake pia, lakini aseme yeye, si ninyi kwa niaba yake.

Watoto wadogo waambieni ukweli kwa maneno madogo: bibi anaumwa sana, hatapona, si kosa lako. Msiseme "amesafiri", watakaa mlangoni kumngoja.

Angali na sauti, zungumzeni hati ya kiwanja iko wapi, deni la kikoba, anaowadai na wanaomdai, mafao, pesa iliyo kwenye simu. Wosia uandikwe, ushuhudiwe na watu wasio warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia. Muislamu anayo theluthi ya mali ya kuusia kwa asiye mrithi, na madeni hulipwa kwanza, basi asibaki na deni la kimyakimya. Swaumu isimtese: asiyetarajiwa kupona hulipiwa fidya, na maji yakimdhuru kuna tayamamu. Mkatoliki mwiteni padri kwa mpako mapema, apokee akiwa anaitikia. Kuna familia huchelewa kwa hofu kwamba padri akionekana mgonjwa atakata tamaa. Wengi niliowaona walilala usingizi mzuri usiku ule.

Anayeuguza

Kazi yote hii kwa kawaida humwangukia binti asiyeolewa au mkamwana. Kaka yuko Muscat, anatoa amri kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: mpeni hiki, mpelekeni kule. Kaka, kama unasoma: tuma pesa ya glavu, nepi, nauli ya nesi na kijana wa kuchota maji, kila mwezi, bila kuombwa. Kisha piga simu umwulize dada yako amelala saa ngapi.

Gawaneni usiku. Mtu mmoja awe msemaji wa dawa na daftari, asiwe yuleyule anayefua na kupika. Wageni wapangiwe saa, na wanaokuja na habari za "fulani alikuwa hivihivi akapona kwa mizizi" wapelekwe barazani wapewe kahawa. Dawa ya mizizi sitawapigia kelele, ila niambieni ni ipi, maana nyingine huharibu ini na figo ambazo tayari zimechoka.

Siku za mwisho

Atalala zaidi, ataacha kula, kisha kunywa. Mkojo utapungua na kuwa mweusi. Miguu na mikono itapoa, ngozi itakuwa na mabaka. Atazungumza na waliokwisha kufa, msibishane naye. Pumzi itakwenda haraka, itasimama, itaanza tena. Makohozi yataunguruma kooni, sauti inayowatisha ninyi kuliko inavyomsumbua yeye. Mlazeni ubavu na muinue kichwa kidogo. Haya si dharura. Usiku wa aina hii ndio watu hukodi bajaji wakamkimbiza hospitali, akakata roho njiani kati ya mashimo ya barabara. Nipigieni mimi kwanza. Mofini isikatwe, kwani maumivu bado yapo hata kama hawezi kuyasema. Nitawaonyesha jinsi ya kuidondosha kidogo kidogo ndani ya shavu.

Zungumzeni naye, kwa kuwa inaaminika masikio huchelewa kuzima. Yanayosemwa juu ya kitanda yawe yale anayostahili kusikia, si bei ya jeneza. Muislamu aelekezwe kibla ikiwa haimwumizi, na shahada isemwe taratibu karibu naye, bila kumlazimisha arudie. Mkristo aimbiwe anachokipenda.

Akishatulia, hakuna haraka. Kaeni naye. Kisha mjumbe na mtendaji wapewe taarifa kwa ajili ya kibali cha mazishi, na karatasi hizo zitunzwe, maana bila cheti cha kifo mirathi haiendi. Mofini iliyobaki msimpe jirani anayeumwa mgongo, wala msiiweke kabatini kwa kumbukumbu. Irudisheni kituoni ikahesabiwe. Mimi nitakuja tena baada ya arobaini kumwona aliyeuguza. Nitauliza anakula, analala, bado anaamka saa zile za dawa? Akisema ndiyo, tutaongea, na mwenye kikombe cha chai ya mchaichai atanikaribisha.